Mchezo na masomo katika malezi ya watoto walio katika taabu

Kila mara waseminari wanaporudi kutoka likizo, tunasikia swali lile lile. Je, padri aliyejifunza filosofia na teolojia miaka mingi, inafaa aonekane kiwanjani akikimbia nyuma ya mpira, pamoja na watoto wenye nguo zilizopasuka? Wazee wa parokia hawatamzarau? Wakatekista nao wanauliza kwa namna yao: Padri, wakati ni mfupi, watoto hawa hawajui hata alama ya msalaba, juu ya nini tuwaache wacheze?

Maswali haya ni ya kweli, tena yanahitaji jibu. Tunataka kueleza hapa jambo moja tu: kwa mtoto aliyeumizwa, mchezo si kupoteza wakati, wala si chambo cha kumvuta kwenye dini. Ni mlango wa kwanza ambao kwa huo roho yake inaweza kurudi kati ya watu. Na nyuma ya mlango huo lazima akute kalasi, kusudi mchezo usiwe udanganyifu.

I. WATOTO TUNAOWASEMA

Hatusemi juu ya watoto wote. Mtoto mwenye baba na mama, anayekula bukari yake jioni na kulala pahali pake, anacheza pasipo kuitwa na mtu. Tunasema juu ya wale waliopatwa na taabu kabla ya kupata nguvu za kuibeba. Sote tunawajua. Ni watoto waliokimbia vita pamoja na mama zao, wakalala katika vyumba vya masomo au chini ya hema. Ni wavulana waliochukuliwa na vikundi vya silaha, na wasichana waliochukuliwa pamoja nao. Ni wale wanaobeba mifuko ya mawe kwenye machimbo ya Katanga na Lualaba. Ni wale ambao watu wa Goma na Bukavu huwaita maibobo, na watu wa Lubumbashi huwaita mashege, wanaolala penye baraza za maduka.

Katika hao wa mwisho, wengi walitoka nyumbani kwa sababu yenye kuhuzunisha: walisingiziwa ulozi. Baba amekufa, kazi imepotea, mtoto mdogo ameugua. Basi watu wanatafuta mwenye kosa, nao wanamwona yule asiye na wa kumtetea: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani. Tujue kwamba Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka azabu kwa mwenye kufanya hivyo. Paroko asione haya kuyataja maneno hayo katika mahubiri, maana pengine mwenye kumfukuza mtoto ameketi mbele yake kanisani.

Watoto hawa wote, hata kama taabu zao si sawa, wamepoteza vitu vitatu.

Kwanza, wamepoteza kuwaamini wakubwa. Mkubwa aliyepaswa kuwalinda alikufa, au alikimbia, au yeye mwenyewe ndiye aliyewapiga. Kwa hiyo mtoto anapomwona padri anakuja, anatazama mikono yake kabla ya kutazama uso wake.

Pili, wamepoteza kesho. Mwenye kutafuta chakula cha leo hawezi kuwaza mwaka ujao. Ukimwambia kwamba akisoma miaka 6 atapata cheti, ni kama kumwambia habari za inchi asiyoijua.

Tatu, wamepoteza jina. Njiani wanaitwa mwizi, mlozi, mkimbizi. Wengine hawana hata cheti cha kuzaliwa. Serikali haijui kwamba wako.

Sasa tuulize: ni kitu gani kinachoweza kumrudishia mtoto vitu hivyo vitatu kwa pamoja, pasipo kumwomba kwanza aamini, asubiri na ajieleze? Sisi hatujaona kingine kinachotangulia mchezo.

II. MCHEZO MBELE YA IMANI YETU

Wakristu wengine huwaza kwamba mchezo ni kitu cha dunia, ambacho Kanisa linakivumilia tu. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Nabii Zakaria, anapoeleza Yerusalemu utakavyokuwa nyuma ya uhamisho, anaonyesha wazee wake kwa waume walioketi njiani na mikongojo yao, halafu anaonyesha njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zak. 8, 4-5). Tuangalie vizuri: Zakaria alisema na watu waliokuwa wakimbizi. Alama aliyowapa ya kujua kwamba Mungu amewakumbuka ni makelele ya watoto njiani.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, alipotaka kuwaonya watu wa kizazi chake, aliwafananisha na watoto sokoni ambao wenzao wanawapigia filimbi ya arusi wasicheze, wanawaimbia wimbo wa kilio wasilie (Mt. 11, 16-17). Mtu hawezi kutoa mfano wa namna hii kama hajapata kusimama na kutazama michezo ya watoto. Nacho kitabu cha Mezali kinaonyesha Hekima akicheza mbele ya Mungu wakati wa kuumbwa dunia (Mez. 8, 30-31).

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa seminari zetu, anauliza katika Summa (II-II, q. 168, a. 2) kama kunaweza kuwa na wema katika mchezo. Anajibu ndiyo, akisimulia habari ya Mtakatifu Yoane mwenye Injili. Watu walishangaa kumwona akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yoane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Kisha apige tena, na tena. Mwishoni akamwuliza kama anaweza kuendelea vile pasipo kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yoane akamfahamisha kwamba roho ya mtu nayo iko vile.

Tuongeze neno moja. Kwa mtu mkubwa mchezo ni pumziko nyuma ya kazi. Kwa mtoto mchezo ni kazi yenyewe. Kwa kucheza anajifunza miguu yake, luga yake, wenzake, sheria na mipaka. Mtoto asiyecheza si mtoto mwenye adabu. Mara nyingi ni mtoto mgonjwa. Hata mapatano ya mataifa juu ya haki za mtoto, ya 20 Novemba 1989, ambayo inchi yetu iliyakubali mwaka 1990, yanahesabu mchezo kati ya haki zake, katika kifungu cha 31.

III. PADRI ALIYEANZA KIWANJANI

Mfano wetu mkubwa ni Mtakatifu Yoane Bosco. Wengi wanajua sanamu yake tu. Inafaa tujue kazi yake ilianza namna gani.

Alizaliwa 16 Agosti 1815 kwenye vilima vya Becchi, kaskazini ya Italia. Baba yake alikufa Yoane akiwa hajatimiza miaka 2. Mama yake Margherita, mjane asiyejua kusoma, ndiye aliyewalea watoto katika umaskini. Yoane alipokuwa mvulana aliwatazama sana wacheza michezo wa sokoni, akajifunza mbinu zao hata kutembea juu ya kamba. Siku ya Mungu aliwakusanya majirani, akawachezea, lakini katikati aliwasalisha rozari na kuwarudilia mahubiri ya asubuhi. Hivi yeye mwenyewe, yatima wa baba, alijua tangu utoto nguvu ya mchezo.

Alipata upadri tarehe 5 Juni 1841, akaenda mji wa Torino. Wakati ule Torino ulikuwa ukijengwa upesi, na vijana wengi walishuka kutoka milimani na vijijini kutafuta kazi kwa waashi. Walilala popote, walipigwa, walidanganywa mishahara. Padri Giuseppe Cafasso alimpeleka Yoane katika magereza, akaona humo vijana wadogo. Jambo lililomwumiza zaidi ni kuona kwamba wengi waliotoka walirudi tena, kwa sababu huko nje hawakuwa na rafiki hata mmoja.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Maria Mkingiwa Zambi ya Asili, alikuwa akivaa kwa Misa katika sakristi ya kanisa la Mtakatifu Fransisko. Msakristi alimkuta mle kijana wa miaka 16, akamwambia atumikie Misa. Kijana hakujua, msakristi akamfukuza kwa mpini wa ufagio. Don Bosco akaagiza aitwe tena, akisema kwamba ni rafiki yake. Jina lake ni Bartolomeo Garelli, yatima wa baba na mama, mwashi. Don Bosco alimwuliza kama anajua kusoma, kuandika, kuimba. Majibu yote ni hapana. Wanasimulia kwamba mwishoni alimwuliza kama anajua kupiga mluzi. Ndipo kijana akacheka. Kutoka kicheko hicho walifika kwenye alama ya msalaba na Salamu Maria.

Wakatekista, angalieni mpango wa maswali hayo. Don Bosco aliendelea kushuka hata akakuta kitu kimoja ambacho kijana anakiweza, akaanzia pale. Hakuanza na lile asilolijua.

Vijana waliongezeka, lakini walikosa pahali. Walifukuzwa kutoka uwanja mpaka uwanja, kwa sababu majirani walichukia makelele. Hata mapadri wenzake wengine walizania kwamba amepata wazimu, wakataka kumpeleka hospitali ya wenda wazimu. Siku ya Pasaka, 12 Aprili 1846, walipata kibanda cha mtu mmoja jina lake Pinardi, pale Valdocco, pamoja na kiwanja chake. Mwezi wa Novemba mwaka ule mama Margherita, akiwa na umri wa miaka 58, akaacha shamba lake akaja kuwapikia na kuwashonea watoto wasio wake.

Lakini Don Bosco hakukaa katika mchezo. Alifungua masomo ya jioni kwa wale waliofanya kazi mchana. Serikali yao ilipotaka kuleta vipimo vipya vya meta na kilo, kuanzia mwaka 1850, aliandika kitabu kidogo cha kuvieleza, na vijana wake wakavifundisha kwa mchezo wa kuigiza mbele ya watu. Mwaka 1851 na 1852 alianza kuweka mapatano ya karatasi na mafundi waliowachukua vijana wake: fundi asimpige kijana, asimtumikishe kazi isiyo ya ufundi wake, ampe pumziko siku ya Mungu. Mwaka 1853 alifungua ufundi wa viatu na wa nguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mchezo, masomo, ufundi, mapatano: ndiyo njia nzima. Mwenye kuchukua mpira tu katika njia hiyo hakumfahamu Don Bosco.

Mwaka 1884, akiwa mzee tena mgonjwa, aliandika barua kutoka Roma, tarehe 10 Mei, kwa nyumba yake ya Valdocco. Alieleza ndoto aliyoona viwanja viwili. Katika kile cha zamani wakubwa na watoto walicheza pamoja kwa furaha. Katika kile cha siku zile watoto walisimama pembeni wamechoka, na walezi walitembea peke yao wakiongea. Fundisho lake ni hili: haitoshi tuwapende watoto, lazima wao wenyewe waone kwamba wanapendwa. Na wataona pahali gani, kama si katika vitu wanavyovipenda wao?

Wana wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakiongozwa na padri Joseph Sak. Mpaka leo katika mji huo nyumba yao ya Bakanja-Ville inapokea watoto wa njiani. Jina lake linafaa: Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyekufa mwaka 1909 kwa sababu ya skapulari yake, alikuwa kijana mwenye kutumika kwa waashi, kama Garelli. Na Goma, nyumba yao ya Ngangi ina masomo, ufundi na viwanja. Vita ilipofika mjini mwaka 2012 na tena mwaka 2025, watu waliokimbia walijaa katika viwanja hivyo hivyo.

IV. MCHEZO UNAPONYA NAMNA GANI?

Turuhusiwe kusimulia kosa letu wenyewe. Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya Kivu, jamaa nyingi zilikimbilia kwetu, zikalala katika vyumba vya masomo. Tulikuwa na bidii ya kijana. Kesho yake tuliwapanga watoto kwa mistari, tukaanza katekisimu: sisi tunauliza, wao wanarudilia. Mvulana mmoja, labda wa miaka 10, hakufungua kinywa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna neno. Tukamwona mkaidi. Siku ya nne tulimsimamisha juani mbele ya wenzake.

Mwalimu wetu wa katekisimu, mzee wa siku nyingi, hakutukemea mbele ya watoto. Alingoja jioni, akaja barazani, akasema: «Padri, mtoto huyu si mkaidi. Miguu yake imesimama hapa, lakini roho yake ingali inakimbia.» Kisha akaomba matambara ya zamani ya sakristi. Asubuhi alikuwa ameyafunga kwa kamba za mgomba, umekuwa mpira.

Yule mvulana hakucheza. Alisimama pembeni, siku nyingi. Mzee hakumwita, wala hakumsahau. Kila mara alisimama karibu naye, akitazama mchezo pamoja naye. Siku moja watoto walibishana juu ya hesabu ya magoli. Ndipo tuliposikia sauti tusiyoijua ikisema: «Ni 4.» Yeye ndiye aliyekuwa amehesabu. Tangu siku ile wenzake walimfanya mwenye kuhesabu, na mzee akamfundisha kuandika hesabu kwa kijiti udongoni, kisha kuandika jina lake. Mwezi uliofuata tulimwita, tukamwomba msamaha. Si jambo jepesi kwa padri kumwomba mtoto msamaha. Lakini lilitufaa sisi zaidi kuliko yeye.

Tuchungue sasa yaliyofanyika, maana si ajabu isiyo na sababu.

1. Mchezo una sheria pasipo fimbo. Mtoto aliyeishi mahali ambapo mwenye bunduki ndiye mwenye haki, anaona kiwanjani kwamba mkubwa na mdogo wanashika sheria moja, hata padri. Akigusa mpira kwa mkono, naye anapigiwa filimbi. Hivi mtoto anaanza kuamini tena kwamba kuna haki duniani.

2. Mchezo unafundisha kushindwa pasipo kufa. Leo tumefungwa 3 kwa 1. Kesho tunaanza tena. Kwa mtoto ambaye kushindwa kwa wazazi wake kulikuwa kifo, fundisho hili ni kubwa.

3. Mchezo unarudisha kesho. Kama michezo ni siku ya pili, ya tano na ya Mungu, saa ile ile, mtoto anaanza kungoja. Na mwenye kungoja ameanza kutumaini. Kwa sababu hiyo afazali siku 2 za hakika kila juma kuliko sikukuu kubwa mara moja kwa mwaka.

4. Mchezo unasema yale kinywa kisiyoweza kusema. Tumeona watoto wakicheza vita, kukimbia, hata maziko. Mwalimu asiwafukuze wala asiwacheke. Hivyo ndivyo wanavyoliweka nje jambo lililowajaa ndani. Lakini asiwaache vile vile. Kama mchezo unarudi kila siku na kila siku mwisho wake ni kufa, akae karibu, aulize kwa upole: «Na sasa nani atakuja kuwasaidia?» Watoto wenyewe watatafuta mganga, mama, jirani. Mtoto asiyelala usiku siku nyingi, au anayejiumiza, au anayestuka na kuanguka, tumpeleke kwa mwuguzi na daktari. Mpira si dawa ya kila ugonjwa.

V. KUTOKA KIWANJANI MPAKA KALASINI

Parokia maskini itafanya nini? Tusingoje feza za Ulaya.

Pahali: kiwanja kilicho wazi, kinachoonekana na watu wote. Watu: mwalimu mmoja mwenye saburi, vijana wa chama cha parokia, mama wawili au watatu. Vyombo: mpira wa matambara, kamba ya kuruka, mbegu za kisolo, nyaya za zamani ambazo watoto wa Katanga wanajua kuzifanya motokari, mbao ambazo wale wa Goma wanazifanya chukudu ndogo. Michezo ya babu zetu inatosha, tena inafundisha. Kisolo ni hesabu: mwenye kucheza vizuri anajumlisha na kutoa kichwani kabla ya kuinua mbegu. Vitendawili ni luga. Hadisi za Kalulu zinafundisha kusikiliza hata mwisho, na mtoto aliyesikiliza hadisi atataka siku moja kuisoma mwenyewe. Nyimbo za kuruka kamba zinafundisha kuhesabu na kungoja zamu.

Basi, kila mara mchezo unapokwisha, kuwe na kazi ndogo ya nusu saa: herufi, hesabu, jina. Kisha sala fupi, ya wote wanaopenda. Tusiruke ngazi.

Nyuma ya miezi michache, mwalimu aandike majina ya wenye kuwa tayari kwa masomo. Masomo ya msingi katika inchi yetu ni ya bure kwa sheria, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza sheria hiyo. Lakini mtoto wa miaka 12 anaona haya kuketi katika kalasi ya kwanza pamoja na wa miaka 6. Kwa hao kuna masomo ya kufidia, ambayo yanamaliza katika miaka 3 kazi ya miaka 6. Paroko aulize kwa wakubwa wa masomo yaliyo karibu. Ikiwa hayako, aombe yafunguliwe katika vyumba vya parokia saa za jioni.

Tena kuna cheti. Wazazi wa parokia wakumbushwe siku ya ubatizo kwamba mtoto anaandikishwa kwa serikali bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kwa wale waliopita siku hizo kunahitajiwa hukumu ya mahakama. Hapo msaada wa parokia unahitajiwa sana, maana yatima hatakwenda mahakamani peke yake. Kitabu chetu cha ubatizo kinaweza kusaidia kama ushuhuda.

Wakubwa zaidi watafutiwe ufundi: useremala, ushonaji, ujenzi. Tufanye kama Don Bosco: mapatano yaandikwe, fundi na kijana waweke mkono, na mtu wa parokia apite kutazama.

Na mwisho wa njia ni jamaa. Nyumba ya watoto, hata ikiwa nzuri, si mama. Mwenye kucheza na mtoto miezi mingi atasikia siku moja jina la kijiji, la shangazi, la nyanya. Hapo aanze kutembea. Kama mtoto alifukuzwa kwa neno la ulozi, asirudishwe kwa haraka. Kwanza mazungumzo na jamaa, mara nyingi, pamoja na wazee wenye heshima.

VI. MAKOSA YA KUEPUKA

Tusiufanye mchezo chambo. Mwenye kusema kwamba asiyekuja Misa hatagusa mpira anauza kitu ambacho si mali yake. Mtoto wa Kimbangu, wa Kiprotestanti au Mwislamu acheze sawa na wengine.

Tusiwasahau wasichana. Mara nyingi wavulana wanacheza na wasichana wanachota maji. Tuwaambie mama zao saa ya mchezo, na tuchague saa wanayoweza kuja. Tusimsahau pia mtoto asiyeweza kukimbia: kuna kisolo, kuna kupiga ngoma, kuna kuhesabu magoli.

Tusiwapige picha watoto na taabu yao kusudi tupate feza.

Na tuwe na mipaka iliyo wazi. Mkubwa asikae na mtoto mmoja chumbani mahali pa siri. Asitoe zawadi kwa mmoja tu kwa siri. Asimpeleke mtoto safari peke yake. Mtoto aliyekosa mapendo anashikamana upesi na mtu wa kwanza anayemchekea, na kuna watu waovu wanaojua hivyo. Kanisa limepata aibu kubwa juu ya jambo hili, na watoto wamepata mateso. Tangu sheria ya Papa Fransisko ya 7 Mei 2019, kila padri na mtawa anayesikia habari ya kweli ya mtoto aliyechezewa vibaya anapaswa kuwapasha habari wakubwa wa Kanisa, bila kudharau sheria ya serikali. Asinyamaze kwa kulinda jina la mwenzake. Jina la kulindwa kwanza ni la mtoto.

Sasa tuwarudie waseminari na swali lao. Je, padri atazarauliwa akicheza? Pengine, siku chache za kwanza. Don Bosco aliitwa mwenye wazimu. Lakini padri anayeketi barazani wakati watoto wanasimama pembeni, mtu gani atamheshimu?

Likizo ijayo mtakwenda katika parokia zenu. Msiulize kwanza ni watoto wangapi wanaojua katekisimu. Nendeni kiwanjani jioni, mtazame nani hachezi. Simameni karibu naye, pasipo kumlazimisha, leo na kesho na siku ya tatu. Na mjue kuhesabu magoli.